Chuo cha akiba kisiwe chuo cha aibu

Kila ufikapo mwezi wa Julai, simu za jamaa zetu walioko Oman na za wale walioko Afrika Mashariki huwa hazipoi. Upande wa Oman, katika miji ya Ibra, Sur na Nizwa, vijana waliomaliza darasa la kumi na mbili huwa wanasubiri matokeo ya Diploma ya Elimu ya Jumla. Upande wa pili wa bahari, Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam, binamu zao huwa wanasubiri matokeo ya kidato cha sita. Matokeo yakishatoka, swali linalozunguka ni moja tu: mtoto anakwenda chuo gani? Na kwa miaka kadhaa sasa, katika nyumba nyingi, jibu la mtoto nalo limekuwa ni moja: anataka kusoma kompyuta, na anataka kwenda kusoma nje.

Hatuna ugomvi na jibu hilo. Kazi za kompyuta zipo, zinalipa, na kijana mwenye akili ya hisabati ana haki ya kuota kuwa katika chuo kikubwa cha Marekani, Uingereza au Malaysia. Ugomvi wetu ni na orodha anayoiandika. Mara nyingi orodha hiyo ina vyuo saba au vinane vyenye majina makubwa, kisha mwisho kabisa kimeongezwa kimoja kwa haraka, bila ya kuulizwa wala kuchunguzwa, ili baba aache kuuliza. Hicho cha mwisho ndicho tunachokiita chuo cha akiba, yaani chuo ambacho mwanafunzi anakiweka kando akijua kwamba hata vingine vyote vikimkataa, hicho kitampokea.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa bahati mbaya, akiba wanazoweka vijana wetu wengi zinaoza, tena mapema, kwa sababu hakuna aliyezikagua.

Mama mmoja wa Ibra alitusimulia yaliyomkuta mwanawe. Kijana aliomba vyuo vya nje sita, vitano vikamkataa, cha sita kikamkubali. Nyumba nzima ikafurahi, halua ikaliwa. Baada ya wiki mbili ndipo ilipogundulika kwamba chuo kile kimemkubali kusoma sayansi kwa jumla na sio kompyuta, na kwamba atakapofika ataomba upya kuingia katika idara ya kompyuta pamoja na mamia ya wenzake. Wakasema si neno, ataomba akifika. Ada ya mwaka wa kwanza ikapatikana kwa kuuza dhahabu ya mama. Viza ikachelewa mpaka masomo yakaanza bila yeye. Na wakati huo wote hakuwa amejisajili popote nchini mwake, kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba anaondoka. Mwaka ukapita yuko nyumbani. Mama yule alituambia maneno mafupi: "Sisi tulidhani tumeweka akiba, kumbe tuliweka jina."

Kisa kama hicho si cha nyumba moja. Kwa hiyo tumeona tuseme wazi kile tunachokiamini, hata kama baadhi ya wasomaji wetu hawatakipenda: kwa mwanafunzi anayetaka kwenda kusoma nje, chuo cha akiba cha kweli hakiko nje. Kiko katika nchi ambayo yeye si mgeni, katika nchi ambayo haombi viza kuingia, halipi ada ya mgeni na hafukuzwi sheria zikibadilika. Vyuo vyote vya ugenini, hata kile kinachosemekana kuwa rahisi, ni vya kujaribu bahati.

Tuanze na suala la kukubaliwa lenyewe. Kijana huangalia kwenye mtandao, akaona kwamba chuo fulani cha Marekani kinakubali nusu ya waombaji, akasema hicho ni rahisi, nitakiweka akiba. Asichokiona ni kwamba idadi ile ni ya chuo kizima. Katika vyuo vingi idara ya kompyuta huchuja kivyake, na mlango wake ni mwembamba kuliko lango kuu. University of Illinois ya Urbana-Champaign na University of Washington ya Seattle ni mifano inayojulikana sana: ni vyuo vya umma, vinapokea watu wengi kila mwaka, lakini anayeomba kompyuta anashindana katika foleni nyingine kabisa, na chuo cha umma cha jimbo huwa na wajibu wa kuwatazama kwanza watoto wa jimbo lake. Mgeni anayeomba kompyuta huko hawezi kujiwekea akiba kwa kutazama idadi ya jumla.

La pili ni fedha. Vyuo vingi vya Marekani, mwombaji akiwa mgeni, huangalia pia kama ataweza kulipa, na anayeomba msaada mkubwa nafasi yake hupungua. Vile vinavyosema kwamba haviangalii kabisa mfuko wa mwombaji wa kigeni vinahesabika kwa vidole, navyo ni kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na wenzao wachache. Yaani vyuo pekee visivyojali umaskini wako ndivyo vigumu kuliko vyote kuingia. Msomaji ataona mwenyewe mtego ulivyo: kile kilicho rahisi kuingia ni kigumu kulipia, na kile kinacholipika ni kigumu kuingia.

Tena kulipa si kulipa mwaka wa kwanza. Shahada ni miaka mitatu, minne, au mitano ukiongeza mwaka wa msingi. Familia ya Nizwa inayopata mshahara wa riali ina nafuu fulani, kwani riali ya Oman imefungwa kwa dola kwa kiwango kile kile tangu 1986, na riali moja ni kama dola 2.6 mwaka nenda mwaka rudi. Familia ya Zanzibar haina nafuu hiyo. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300 za Tanzania. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Chuo hakikuongeza hata senti moja, lakini baba wa Mwembeladu aliyeanza kumlipia mtoto wake ada ya dola 2022 alijikuta anatafuta shilingi nyingi zaidi kwa ada ile ile. Kuna watoto wetu waliorudi nyumbani mwaka wa tatu na cheti hawana, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kukataliwa.

Wengine hutuambia Ujerumani ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, katika majimbo mengi, havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Lakini mgeni anatakiwa aonyeshe fedha za kujikimu katika akaunti maalumu, nazo tangu Septemba 2024 zimekuwa yuro 11,904 kwa mwaka. Aidha, cheti cha sekondari cha nchi nyingi za kwetu hakimwingizi mtu moja kwa moja chuo kikuu cha huko. Mara nyingi hupitia kwanza mwaka wa matayarisho na mtihani. Ni njia nzuri kwa aliyejipanga, lakini aliyekurupuka asidhani amepata akiba.

La tatu ni viza, na hapa ndipo tunapoona hatari imeongezeka kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Mwezi wa Januari 2024 Canada, nchi iliyokuwa ikitajwa na kila wakala wa vyuo kuwa ndiyo rahisi, iliweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni, na kiasi cha fedha za kujikimu anachotakiwa mwanafunzi kuonyesha kikapandishwa kutoka dola 10,000 za huko hadi 20,635. Mwezi wa Mei 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kukifutia Harvard kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, mpaka mahakama ilipoingilia kati; siku chache baadaye balozi zake duniani ziliagizwa zisimamishe kupanga miadi mipya ya viza za wanafunzi, na kazi hiyo haikuanza tena mpaka Juni. Kisha Disemba 2025 Marekani ikatangaza vikwazo vya viza, zikiwamo za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa nyengine kuanzia Januari 1, 2026, na Tanzania ikawa miongoni mwao.

Hatuyataji haya ili kulalamika. Kila nchi ina mlango wake na ufunguo wake. Tunayataja kwa sababu mwanafunzi aliyekubaliwa Harvard hakuwa na kosa lolote, na bado hakulala usingizi mwezi ule. Ikiwa aliyefika kwenye chuo kinachotajwa dunia nzima anaweza kuamka asubuhi akakuta kibali chake kina mashaka, basi nani atatuambia kwamba chuo kidogo cha mji usiojulikana, katika nchi ile ile, ni akiba?

La nne, ambalo husahauliwa sana, ni cheti chenyewe kitakubaliwa wapi. Mtoto wa Oman anayekwenda nje kwa fedha zake inampasa aangalie kwanza kama chuo anachokiendea kimo katika vile vinavyotambuliwa na wizara ya elimu ya juu ya nchi yake, kwani akirudi na cheti kisichotambuliwa, miaka minne yake itakuwa picha ya ukutani. Mtanzania naye atapeleka cheti chake cha nje kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili kitambuliwe. Kuuliza kabla ya kulipa ni rahisi kuliko kulia baada ya kulipa.

Sasa, ukiyaweka pamoja hayo manne, yaani kukubaliwa katika fani yenyewe, kulipa mpaka mwisho, kuingia na kubaki nchini, na cheti kutambuliwa, utaona kwamba chuo kinachoyatimiza yote bila ya wasiwasi ni kile cha nyumbani. Na hapa tuwageukie ndugu zetu wa Sharqiyah na Dakhiliyah, kwa sababu wao wanacho na hawakitazami.

Wazee waliorudi Oman kutoka Zanzibar, Mombasa na Bujumbura baada ya 1964 na hasa baada ya 1970 wanakumbuka nchi isiyo na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifungua milango yake 1986, Maskati. Mtoto wa Sur au wa Ibra aliyetaka kusoma alipanda gari, au ndege. Leo Sur ina chuo chake binafsi, Sur University College, tangu 2001. Nizwa ina University of Nizwa tangu 2004, pale Birkat al-Mawz chini ya Jebel Akhdar. Ibra ina A'Sharqiyah University, iliyoanzishwa 2009. Juu ya hivyo, vyuo vya teknolojia vya serikali na vyuo vya sayansi tumizi viliunganishwa mwaka 2020 kuwa chuo kikuu kimoja, University of Technology and Applied Sciences, chenye matawi Ibra, Sur na Nizwa, na fani ya teknolojia ya habari imo. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, elimu ya juu imetoka katika kuifuata ng'ambo ikaja kubisha hodi mlangoni.

Na njia ya kuingia ipo wazi. Tangu 2006 mwanafunzi wa Oman anaomba kupitia Kituo cha Udahili wa Elimu ya Juu, anapanga chaguo zake kwa utaratibu kwenye mtandao, na alama zake ndizo zinazomsemea. Orodha ile imetengenezwa makusudi kwa ajili ya akiba: unaweka unachokitaka juu, na unachokihakikisha chini. Kinachotusikitisha ni kuona kijana hodari anaiacha tupu, au anaijaza kwa dharau, kwa kuwa moyo wake umeshapanda ndege. Tunamwambia: jaza. Kujaza hakukuzuii kwenda London. Kutojaza kunaweza kukuzuia kusoma mwaka mzima.

Lakini hata akiba ya nyumbani ikaguliwe. Si kila chuo kina sayansi ya kompyuta. Vingine vina teknolojia ya habari, vingine mifumo ya habari, na hizo ni fani tatu zinazofanana majina zaidi kuliko masomo. Anayetaka kuandika programu na kuelewa kompyuta inavyofikiri atazame masomo ya mwaka wa pili na wa tatu: je, mna hisabati, algoriti, miundo ya data, mifumo endeshi? Aulize pia kuhusu mwaka wa msingi, ambao kwa viwango vya taifa vilivyotolewa 2008 una Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za kusoma. Ni nani anayeupita kwa mtihani wa awali na ni nani anayebaki nao? Tena aulize ngazi. Katika vyuo vya teknolojia vya zamani mwanafunzi alipanda kutoka diploma, akaenda diploma ya juu, kisha shahada, na si kila aliyeanza alifika kileleni. Anayeingia akidhani ana shahada mkononi ajue kwanza ngazi ina vidato vingapi.

Tunakuja sasa kwenye jambo zito zaidi, nalo ni la binamu.

Tuchukue nyumba moja ya Ibra, iwe ni mfano tu. Ndani yake kuna vijana wawili wa umri mmoja. Wa kwanza amezaliwa Ibra na ana pasi ya Oman. Wa pili ni mtoto wa dada yake baba, amezaliwa Unguja, ana pasi ya Tanzania, amekuja kwa ami yake kutembea baada ya kidato cha sita. Wanaongea Kiswahili kimoja, wanakula sahani moja, babu yao ni mmoja na kaburi lake liko pale pale. Wote wawili wanataka kompyuta. Yule wa kwanza ana kituo cha udahili, ana viti vya serikali, ana nafasi za ufadhili wa ndani na wa nje. Yule wa pili, ingawa amelala chumba kimoja na mwenzake, ni mwanafunzi wa kigeni. Viti vya serikali vimewekwa kwa ajili ya raia. Yeye atatakiwa alipe chuo binafsi, apate viza, au abahatike na ufadhili.

Kwa moyo, Ibra si ugenini kwake. Kwa karatasi, ni ugenini kama Toronto.

Familia nyingi hazitaki kulisema hili. Ami anasema, "Mwache kwanza, tutamtafutia hapa." Dada anajibu kutoka Unguja, "Inshallah kaka, mimi nimeshamkabidhi kwako." Kijana hawezi kumwambia ami yake kwamba muda unakwisha, atasema tu, "Ahsante ami." Miezi inapita. Dirisha la udahili la Tanzania linafunguliwa na kufungwa, naye yuko Ibra anasubiri. Hakuna aliyemdhulumu, kila mtu alimtakia mema, lakini mwaka wake umekwenda. Mwaka wa pili huenda nao ukaenda.

Ni kweli kwamba Oman hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa kigeni kupitia Mpango wa Oman wa Ushirikiano wa Kitamaduni na Kisayansi, na wapo Watanzania waliosoma kwa njia hiyo na njia nyenginezo. Tunawahimiza vijana waombe. Lakini nafasi za ufadhili ni chache na waombaji ni wengi, na jambo lenye nafasi chache na waombaji wengi haliitwi akiba hata kama ami yako anaishi jirani na chuo. Aidha, Oman kwa miaka mingi, tangu 1988, imekuwa na sera ya kuwapa kipaumbele raia wake katika ajira, jambo ambalo ni haki yake. Kwa hiyo kijana wa Unguja anayesoma Nizwa asihesabu kwamba kazi itamsubiri Nizwa. Ajue atarudi na cheti chake kusini, na akichague chuo kwa hesabu hiyo.

Akiba ya kijana huyu iko wapi basi? Iko kwao. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanza kufundisha 2001, kina kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki nzima ya teknolojia ya habari na mawasiliano pale Kijitonyama. Dodoma, chuo kilichoanzishwa 2007, kina ndaki yake. Na tangu 2023 Zanzibar ina tawi la IIT Madras, moja katika taasisi za teknolojia zinazoheshimika sana India, linalofundisha sayansi ya data na akili bandia. Hilo si akiba, mtihani wake ni mgumu, lakini linaonyesha kwamba hata ile ndoto ya juu siku hizi si lazima ivuke bahari.

Kwa ajili hiyo tunatoa pendekezo ambalo tunajua litazungumzwa katika sabla na barazani. Ndugu zetu wa Ibra, Sur na Nizwa wenye uwezo, wanaotaka kuwasaidia watoto wa dada na kaka zao walioko Afrika Mashariki, wafanye hesabu upya. Fedha za tiketi, viza na ada ya mwaka mmoja wa mgeni katika chuo binafsi zinaweza kumsogeza kijana mbali zaidi SUZA au Dar es Salaam, pamoja na kompyuta yake ya mkononi na intaneti ya kila mwezi. Msaada huo hauonekani sana. Hakuna picha ya uwanja wa ndege. Lakini unamaliza shahada.

Tunajua tutapingwa. Wapo watakaosema kwamba tunawavunja moyo vijana, na kwamba anayeweka akiba ameshakubali kushindwa. Hatukubaliani nao. Manahodha wa Sur waliokuwa wakivuka na kaskazi kwenda Lamu, Mombasa na Unguja walijua kila bandari ya njiani ambayo chombo kingeweza kutia nanga bahari ikichafuka. Kuijua bandari hiyo hakukuwa woga. Ndiko kulikowapa ujasiri wa kuondoka. Kijana mwenye nafasi ya hakika nyumbani anaweza kuomba MIT bila ya kutetemeka. Asiye nayo ndiye anayekubali chochote, kwa bei yoyote, kutoka kwa wakala yeyote.

Watapinga wengine kwamba vyuo vyetu havilingani na vya nje. Hapa tuseme ukweli: havilingani. Maktaba, maabara, walimu wa utafiti, na makampuni yaliyo jirani na chuo, hayo yote yana uzito. Lakini kompyuta si udaktari. Mwanafunzi wa udaktari bila ya hospitali ya kufundishia hana pa kwenda; mwanafunzi wa kompyuta mwenye mashine na mtandao ana mlango mwingine. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake kwenye mtandao bure, na ikafanya hivyo. Somo la mwanzo la kompyuta la Harvard, CS50, linasomwa bure na watu wa dunia nzima. Programu huria zipo, na yeyote anaweza kuzifungua akaona zilivyoandikwa. Tofauti ya mwanafunzi wa Nizwa na wa Boston ipo, lakini sehemu kubwa yake inaweza kuzibwa na mwanafunzi mwenyewe usiku, chumbani kwake, akitaka.

Na shahada ya kwanza si mwisho wa safari. Mwenye matokeo mazuri ya Nizwa, SUZA au Dar es Salaam anaweza kwenda nje kwa shahada ya pili akiwa na umri mkubwa zaidi, na fani anayoijua. Tawi la Carnegie Mellon lililoko Kigali tangu 2011 linafundisha shahada ya pili katika fani hizi hizi, hapa hapa Afrika. Ndoto ya nje haifi kwa kuchelewa miaka minne. Inakufa kwa kukatika katikati.

Tunalomwomba kijana ni kidogo. Kabla ya kuandika chuo cha nje hata kimoja, aandike kwanza kile cha nyumbani, akikague kama anavyokagua cha London, aende akakione, azungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu, na ajiulize kwa dhati: nikiamka siku moja niko hapa, nitasoma kwa moyo? Jibu likiwa ndiyo, ameshapata akiba. Baada ya hapo aombe vya juu anavyovitaka, na sisi tutamwombea dua.

Tunalowaomba wazazi ni kidogo zaidi. Mtoto akiambulia chuo cha Ibra, Sur, Nizwa au Tunguu, msiseme kwa jirani kwa sauti ya chini. Miaka mingi tumewafundisha watoto wetu, bila ya kukusudia, kwamba chuo kilicho karibu ni aibu na kilicho mbali ni heshima. Ndiyo maana wanakiandika mwisho, kwa haraka, bila ya kukitazama. Mama yule wa Ibra, dhahabu yake haikurudi. Lakini mwanawe mwaka uliofuata alijaza orodha ya kituo cha udahili kuanzia juu mpaka chini, akapata nafasi ya kompyuta, na siku hizi anapanda gari asubuhi anarudi jioni. Tulimwuliza mama kama amesikitika. Akasema: "Nasikitikia mwaka. Chuo, hapana."